SOMO LA MWEZI: USALAMA WA MTAA WETU TUUPIMEJE?

Masomo ya kusomwa nyumbani: Zekaria 8:1–10, Kutoka 22:2–3, Kumbukumbu la Torati 21:1–9, Nehemia 7:1–4.



Tukitoka ibadani Jumapili hatukosi kuyasikia maneno haya mlangoni mwa kanisa: "Siku hizi Kiomboi imeharibika, wezi wamezidi." Mmoja hutaja paneli ya sola iliyong'olewa juu ya bati, mwingine mtungi wa gesi, wa tatu kuku na bata. Mzee huongeza kwamba zamani watu walilala milango wazi. Sote hutikisa vichwa, kisha kila mtu huenda zake kununua kufuli la pili. Hatujapata kumsikia mtu akiuliza: wamezidi kuliko lini? Na aliyewahesabu ni nani?

Somo letu la mwezi huu lahusu hesabu hiyo. Twawaomba wasomaji wasichoke, maana tutaanza na habari za tarakimu, jambo lisilo la kawaida katika kurasa hizi. Tutafika katika Neno, na humo tutakuta kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la pili aweza kukitumia. Tena, tukisema "mtaa" katika somo hili hatuna maana ya mtaa wa kanisa wenye katekista wake. Maana yetu ni zile nyumba zinazosikiana: jirani akipiga yowe usiku, wewe unaamka.

Hesabu ya karatasi na hesabu ya woga

Wataalamu wakitaka kujua kama uhalifu umezidi hawahesabu makosa peke yake. Huchukua idadi ya makosa yaliyoandikwa na kuilinganisha na idadi ya watu, wapate kiwango; mara nyingi husema makosa kadhaa kwa kila watu laki moja. Sababu yake ni rahisi. Tuseme mji mmoja una watu 2,000, na mwaka huu nyumba 10 zimevunjwa. Mji wa pili una watu 20,000, na nyumba zilizovunjwa ni 50. Mtu wa haraka atasema wezi wako mji wa pili. Kumbe katika mji wa kwanza imevunjwa nyumba moja kwa kila watu 200, na katika mji wa pili nyumba moja kwa kila watu 400. Aliye katika mji wa pili yuko salama maradufu, ingawa masikio yake husikia habari za wizi mara tano zaidi.

Jambo hili latuhusu sana. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 61,741,120. Hata kama binadamu wa leo hamzidi babu yake uovu hata chembe, yule mzee wa mlangoni atasikia habari tano za wizi pale ambapo ujanani mwake alisikia moja. Tena ujanani mwake hapakuwa na simu za mkononi. Leo kuku akiibwa Misigiri alfajiri, sisi wa Kiomboi tunajua kabla ya chai ya saa nne, na ikifika jioni kuku yule amekwisha kuwa watatu.

Lakini hesabu ya polisi nayo ina upungufu wake, wala hatusemi hivyo kwa kuwalaumu polisi. Huandikwa lile tu lililofika kituoni. Aliyeibiwa pikipiki huenda upesi kuchukua RB, kwa sababu chombo kina kadi na namba, na huenda kikatumika katika uhalifu mwingine. Aliyeibiwa debe mbili za alizeti haendi. Siku ya shamba atakayopoteza ni ghali kuliko alizeti zenyewe. Mama anayepigwa ndani ya nyumba haendi, na akienda, ndugu humfuata njiani wakimsihi arudi yaishe kimya. Msichana aliyeshikwa kwa nguvu akitoka kuchota maji mara nyingi hamwambii hata mama yake mzazi. Kwa hiyo kituo kikifunguliwa karibu, au likiwekwa Dawati la Jinsia na Watoto lenye askari anayejua kusikiliza, hesabu ya makosa hupanda! Uovu haukuongezeka siku ile. Umetoka gizani tu. Na mahali ambapo watu wamekata tamaa kabisa ya kusikilizwa, hesabu hushuka, na katika karatasi mahali hapo huonekana ni pa amani.

Basi tuna hesabu mbili, ya karatasi na ya woga, na kila moja yaweza kutudanganya kwa njia yake. Twende kwa nabii.

Kipimo cha Zekaria

Zekaria alihubiri Yerusalemu karibu na mwaka 520 kabla ya Kristo, baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni Babeli. Mji ulikuwa magofu. Katika sura ya 8, mstari wa 10, anawakumbusha wasikilizaji wake hali ilivyokuwa kabla ya hapo: kazi haikuwa na ujira, aliyetoka na aliyeingia hakuwa na amani, na watu waligeuka kuwa adui wa majirani zao. Ujira, njia na jirani, yote matatu katika mstari mmoja. Waandishi wa siku hizi hujaza vitabu vikubwa ili kuonyesha kwamba mambo hayo matatu yanakwenda pamoja.

Kisha angalieni mstari wa 4 na wa 5. Nabii anapoeleza jinsi mji ulioponywa utakavyoonekana, hasemi wezi wangapi watakuwa wamekamatwa. Hasemi malango yatakuwa na makomeo mangapi. Anatuonyesha wazee wa kiume na wa kike, watu wa miaka mingi hata wanatembea kwa mikongojo, wameketi njiani. Na njia hizo hizo zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanacheza. Basi. Huo ndio mji salama.

Wengine husoma maneno haya kama mapambo mazuri tu. Sisi twaona ni kipimo, tena kikali. Mzee mwenye mkongojo hawezi kukimbia. Mtoto hajui kujihadhari. Hao ndio wa kwanza kutoweka njiani watu wakianza kuogopa, na ndio wa mwisho kurudi. Ukiwaona wameketi na wanacheza, basi mwenye nguvu naye yuko salama; lakini ukiona vijana wenye nguvu tu njiani, bado hujajua kitu. Tena kumbukeni kwamba Zekaria aliyasema hayo mji ukiwa hauna ukuta. Nehemia alikuja kuujenga karibu na mwaka 445, yaani miaka sabini na zaidi baadaye. Sisi huanza na ukuta, tukaupachika vipande vya chupa juu yake, ndipo tunauliza watoto wacheze wapi.

Tuwapime na jirani zetu

Kipimo kisichojaribiwa hakifai. Tuchukue jambo lililotokea karibu nasi, ambalo wazee wa Iramba wanalikumbuka vizuri.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilitawanyika mikononi mwa watu wasiostahili, na uchumi wa nchi ukawa taabani. Hata sabuni ilikuwa haba madukani. Wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa njiani ukaongezeka. Ndipo mnamo 1981 na 1982, katika vijiji vya upande wa Kahama na Nzega, wakulima na wafugaji wakaamua kujilinda wenyewe. Walijiita Basalama, watu wa amani. Wengi twawajua kwa jina la sungusungu, wale chungu weusi wakubwa wanaouma. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na mwito wao ulikuwa filimbi na yowe. Yowe likipigwa kijiji kimoja lilipokewa na kijiji cha pili, na cha tatu, hata mwizi aliyeswaga ng'ombe usiku akakuta kila njia ina watu. Hawakuwa na mshahara. Aliyepatikana na hatia alitozwa faini ya ng'ombe, au alitengwa: asipewe moto wala maji, wala asisaidiwe kuzika. Mwenye kujua maisha ya kijijini ajua kwamba adhabu hiyo ya mwisho ni nzito kuliko jela.

Mambo yakafanikiwa. Ng'ombe walikaa zizini. Mwalimu Nyerere na Chama waliwaunga mkono, ingawa mahakama na polisi walikuwa na mashaka juu ya watu kujipa kazi ya hakimu. Mwendo huo ukaenea hadi mikoa mingine, na mkoa wetu wa Singida ukiwamo. Mwaka 1989 Bunge likabadili sheria za mgambo ili walinzi hao wawe na uwezo wa kukamata kwa mujibu wa sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Bwana Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahimiza ulinzi wa namna hiyo hata mijini.

Kama tungehesabu ng'ombe peke yao tungesema usalama umekuja, tukafunga daftari. Lakini Zekaria haulizi juu ya ng'ombe. Aliuliza kwanza juu ya bibi kizee mwenye mkongojo. Huyu katika miaka hiyo alikuwa na hali gani?

Hesabu zilizokusanywa na kuandikwa na mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zasema kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi ya Wasukuma, jirani zetu. Wengi wa wanawake hao walikuwa wazee, na kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu. Kila mama anayepika kwa kuni mbichi au kwa samadi ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha ajua macho mekundu hutoka wapi. Na walinzi wale wale waliorudisha ng'ombe, mahali pengine waliwageukia hao akina mama, wakawapiga na kuwafukuza vijijini kuwa ni wachawi. Hatuwadharau sungusungu kwa kusema hivi. Wako waliolala usingizi kwa sababu yao. Twasema tu kwamba kijiji kimoja chaweza kuwa salama kwa ng'ombe na kisiwe salama kwa bibi.

Wala Serikali haikuokoka katika jambo hili. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, maofisa wa usalama na polisi waliwakamata watu wengi ili kukomesha mauaji. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa hao waliotumwa kuleta amani. Mambo yalipojulikana, mwanzoni mwa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wakuu wa mikoa hiyo miwili. Waziri huyo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mkono wake haukumgusa mtu. Aliwajibika kwa sababu yalitendwa chini ya wizara yake. Baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa nchi, na hadi kufa kwake mwaka 2024 watu walikuwa wakikitaja kitendo kile kwa heshima. Mlishike jambo hilo la kuwajibika kwa damu usiyoimwaga kwa mkono wako, maana tutalirudia.

Usiku wetu wenyewe

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wasukuma na ya zamani. Sisi tunaoandika kurasa hizi tuna usiku mmoja ambao hatuupendi kuukumbuka.

Ilikuwa yapata saa saba. Yowe lilipigwa nyumba ya nne kutoka kwetu: mtu alikuwa akisukuma mlango. Tukatoka, wengine na fimbo, wengine na mapanga, wengine mikono mitupu. Akapatikana kijana amejibanza ukutani, mgeni, hakuna aliyemjua sura. Alipoulizwa alijibu kwa kigugumizi, na kigugumizi kikahesabiwa kuwa ushahidi. Fimbo zikaanza. Sauti moja nyuma yetu ikaita tairi na petroli. Hadi leo hatujui aliyesema hivyo, na pengine twamjua.

Mama mmoja, mwanachama wa Umoja wa Mama, akapenya katikati na tochi. Hakumhubiria mtu. Alimmulika kijana usoni, akamwuliza jina lake, jina la baba yake, na amekuja kwa nani. Kumbe alishuka Misigiri kwenye gari lililochelewa, akapata bodaboda hadi Kiomboi, akaelekezwa vibaya, akagonga mlango ambao si wa shangazi yake. Shangazi alikaa nyumba mbili mbele. Alikuja akilia, kitenge kimefungwa upande.

Kijana alipona, ila sikio moja halikurudi kusikia vizuri. Sisi tuliokuwapo hatukumpiga. Wala hatukusema neno. Jumapili iliyofuata tulikaa katika viti vyetu vya siku zote, na wengine waliokuwa na fimbo walikaa karibu nasi, na tukapeana amani.

Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba watu wanaouawa na umati katika nchi yetu hufika mamia kwa mwaka mmoja. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hao ni kabila fulani linalokaa mbali. Si kabila jingine. Ni sisi wa nyumba ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Jua likiwa limekwisha kupanda

Sasa fungueni Kutoka 22:2–3. Sheria ya Musa yatofautisha usiku na mchana. Mwizi akikutwa usiku akitoboa nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kupanda, aliyemwua ana hatia. Kwa nini? Usiku mwenye nyumba hajui aliyeingia amefuata mbuzi au amefuata roho yake. Anajitetea katika giza. Jua likipanda uso waonekana, watu waweza kuitwa, ushahidi waweza kuletwa. Tangu hapo mwizi ni mdaiwa. Atalipa, na asipokuwa na kitu atatumikia deni. Uhai wake haukuwa bei ya mbuzi hata siku moja.

Basi jiulizeni: kijana yule alipokwisha kuzungukwa na watu thelathini, hana silaha, yuko chini, ilikuwa usiku au mchana? Kwa saa ya ukutani ilikuwa saa saba ya usiku. Kwa sheria ya Kutoka, jua lilikuwa limekwisha kupanda tangu tochi ile ilipowaka.

Sheria ya nchi yetu yafuata njia hiyo hiyo. Raia anayeona kosa kubwa likitendwa mbele ya macho yake aruhusiwa kumkamata mtendaji, lakini ampeleke kwa polisi bila kuchelewa. Katiba, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa, na yakataza mateso. Mtu asiseme polisi watamwachia kesho. Huenda wakamwachia. Nasi tukiitwa kutoa ushahidi, ni wangapi huenda? Kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi alikuwa na harusi, au shamba, au aliona haya mbele ya ukoo wa mshtakiwa.

Kisha Kumbukumbu 21. Maiti imeokotwa porini na muuaji hajulikani. Wazee wapime, ijulikane mji ulio karibu zaidi ni upi, na wazee wa mji huo ndio watakaokuja mbele ya Bwana kunawa mikono, wakisema hawakuimwaga damu hii wala hawakuona. Hebu watazameni wale wazee na kamba yao ya kupimia. Hawakuua. Lakini mji ulio karibu una jambo la kujibu. Mgeni alipita kwenu njaa ikimuuma? Mlimwonyesha njia? Usiku mlisikia kelele, mkageukia upande wa pili? Katika usiku wetu ule, kamba ingepimwa, ingetufikia sisi.

Kila mtu mbele ya nyumba yake

Hatusemi watu walale, wezi wajichukulie. Nehemia, ukuta ulipokwisha, aliweka zamu za ulinzi kutoka miongoni mwa wakazi, na wengine akawapanga kila mtu kuielekea nyumba yake (7:3). Ni busara, maana mtu hulinda kwa uangalifu mahali anapolaza watoto wake, tena huwajua wanaopita hapo kwa sauti na kwa mwendo. Walinzi wa kukodi hawana ujuzi huo.

Kwa hiyo zamu ikipangwa na mwenyekiti wa kitongoji, Mkristo asiikimbie kwa kisingizio cha maombi, na mwenye fedha asidhani kutoa shilingi kumemmalizia wajibu. Mwenye kulewa asipewe zamu. Wajane na wagonjwa wasidaiwe zamu wala asitumwe mtu kuwatisha kwa ajili ya mchango. Polisi kata apewe majina ya walio zamu, na namba yake ya simu iwe mfukoni mwa kila mlinzi, si kwa mwenyekiti peke yake ambaye simu yake huzimika. Na katika kila zamu awepo mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye kazi yake ni taa na maswali: nani wewe, mwana wa nani, umekuja kwa nani. Mkutano ukubali tangu mchana kwamba huyo akianza kuuliza, fimbo zote hushuka. Jambo hili likiachwa lipangwe usiku halipangiki.

Kuna jambo jingine litakaloudhi baadhi yetu. Paneli iliyong'olewa juu ya bati hailiwi. Yuko anayeinunua. Mtu anapoletewa gizani kitu cha shilingi laki mbili kwa shilingi elfu thelathini, hana haja ya nabii wa kumweleza kimetoka wapi. Mithali 29:24 yasema aliye mshirika wa mwizi anaichukia nafsi yake mwenyewe. Kama hakuna hata nyumba moja ya Mwanglikana hapa Kiomboi yenye kitu kilichonunuliwa hivyo, tutafurahi kusahihishwa katika toleo lijalo.

Na vijana je? Ni desturi kuwatazama waliokaa kijiweni kama wezi wanaosubiri giza. Nchi yetu iliwahi kujaribu dawa ya namna hiyo: mwaka 1983 kwa sheria ya Nguvukazi wasio na kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini kwa gari lililofuata, maana hawakupewa jembe wala mbegu ya kuwashikisha huko. Paulo katika Waefeso 4:28 ana njia ndefu kidogo: aliyeiba aache, afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mwisho wa safari ya mwizi, kwa Paulo, ni kuwa mtoaji. Lakini atafanya kazi gani, na nani atamwajiri aliyetoka gerezani? Msimu wa kuvuna alizeti twatafuta vibarua kila upande. Je, kuna shamba hata moja la muumini ambalo mtu wa namna hiyo alishapewa siku tatu za kazi na ujira wake jioni? Zekaria alianza na ujira, kabla ya njia na kabla ya jirani.

Kazi ya mwezi huu

Katika Sala ya Jioni twaomba, katika ile sala ya tatu, Mungu atulinde na hatari zote za usiku. Wengi twaikariri bila kufikiri. Mwezi huu iombeni polepole, na mkiisha kuiomba fanyeni kazi hii.

Kila kikundi cha nyumbani kichague njia moja ya hapa mjini, na watu wawili waipite tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Wasichague siku ya mnada, wala siku ya mvua, wala siku ya msiba. Wahesabu wazee walioketi nje. Wahesabu watoto wanaocheza. Waandike kama wameona mtoto wa kike ametumwa dukani peke yake. Kisha wawaulize akina mama watatu wa njia hiyo: ni saa ngapi unaacha kupita hapa, na ni kipande gani cha njia unachokizunguka? Waume wasijibu kwa niaba yao. Mwambieni kila anayeulizwa kwamba hataandikwa jina. Baada ya miezi mitatu rudieni njia ile ile, siku ile ile ya juma, saa ile ile.

Karatasi zipelekwe kwa katekista Jumapili ya mwisho wa mwezi, naye atazisoma pamoja na kasisi na halmashauri ya parishi kabla ya kuonana na mwenyekiti wa kitongoji. Zitakazokuwa na majina ya watu wanaoshukiwa zitachomwa moto bila kusomwa.